Mashine ya mamilioni imefunikwa shuka, plastiki yenye mistari inaokoa akina mama

Miaka miwili iliyopita nilikesha kwenye benchi la korido ya hospitali, thamosi ya uji magotini, nikingoja dadangu ajifungue. Mwendo wa saa tisa usiku tukasikia mtoto analia. Mamangu akapiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo haraka kabla askari wa mlangoni hajamkemea. Mimi nikatuma ujumbe kwenye grupu ya familia: ni msichana.

Haikupita saa moja, nesi akatoka mbio. Hakututazama. Akarudi na mwenzake, kisha daktari akaingia. Halafu mtu akatoka kutuuliza ni nani kati yetu anajua kundi lake la damu. Hakuna aliyejua. Nywila ya WiFi ya jirani naijua. Pini ya M-Pesa ya rafiki yangu naijua. Kundi langu la damu? Sikuwa nalijua.

Dadangu alipona, namshukuru Mungu na wale manesi. Asubuhi nikamuuliza daktari kilichotokea. Akaniambia, "Alipoteza damu nyingi." Nikauliza, daktari, nyingi ni ngapi? Akanitazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala, akanijibu, "Nyingi."

Jibu hilo lilinikera wakati huo. Baadaye nikaja kuelewa kwamba hakuwa ananiringia. Hakujua. Hakuna aliyekuwa amepima. Na hapo ndipo nataka tuanzie leo, msomaji wangu, manake kila tukitaja teknolojia ya matibabu watu hufikiria roboti za upasuaji na akili unde. Mimi nataka kukuambia kuhusu kipande cha plastiki.

Kwanza uelewe tatizo. Mama anapojifungua, kupoteza damu kiasi ni kawaida. Hatari huanza damu isipokoma. Kwa waliojifungua kwa njia ya kawaida, madaktari wamekuwa wakihesabu kwamba ikifika mililita 500 ndani ya saa 24, hiyo ni hali ya dharura. Mililita 500 ni pakiti moja ya maziwa ya nusu lita, ile unayonunua dukani ya kupikia chai. Pakiti mbili, yaani lita nzima, na mama anaweza kuanza kuteleza kabisa.

Sasa hebu fikiria unaangalia pakiti hiyo ya maziwa ikiwa imemwagika. Nyingine imeingia kwenye shuka, nyingine kwenye pamba, nyingine iko sakafuni, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi. Uko peke yako na akina mama wanne wenye uchungu, ni saa tisa usiku, na unatakiwa useme kwa macho tu kama ni mililita 300 au 700. Wewe ungeweza? Hata mkunga wa miaka 20 kazini hukosea, na mara nyingi anakosea kwa kukadiria chini. Ndiyo maana mama anaweza kuwa anaishiwa damu huku kila mtu chumbani anaamini mambo ni shwari.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba wanawake wapatao 70,000 walikuwa wakifa kila mwaka duniani kutokana na kuvuja damu baada ya kujifungua. Wengi wako Afrika na Asia Kusini. Hapa kwetu, hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba akina mama 355 hufa katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kuvuja damu ni mojawapo ya sababu kubwa kabisa za vifo hivyo. Hawa si watu wa mbali. Ni wasichana tuliosoma nao. Ni mke wa yule jamaa wa bodaboda pale steji.

Sasa plastiki inaingiaje? Ni shuka jembamba la plastiki ambalo mama huwekewa chini yake mara tu mtoto anapotoka. Upande wa chini lina mfuko, umbo la faneli, na damu yote inateremka humo. Kwenye mfuko kumechorwa mistari. Kuna mstari wa mililita 300, ambao ni sawa na ile chupa ndogo ya soda ya kioo. Huo ni wa tahadhari. Kuna mstari wa 500. Huo ni wa kuchukua hatua, hakuna cha kungoja. Basi, ni hivyo tu. Hakuna betri, hakuna skrini, hakuna programu ya kupakua.

Kabla hujacheka, sikiliza matokeo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, WHO na vyuo vya Afrika walifanya utafiti ulioitwa E-MOTIVE. Ulihusisha hospitali 80 katika nchi nne: Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Upande wa Kenya kulikuwa na wataalamu wetu kama Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Matokeo yalichapishwa Mei 2023 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine.

Katika hospitali zilizoendelea na mtindo wa kawaida, akina mama 4.3 kati ya kila 100 walifikwa na hali mbaya: walipoteza lita moja au zaidi, au wakapasuliwa tumbo ili damu ikomeshwe, au wakafa kwa kuvuja damu. Katika hospitali zilizotumia shuka lenye mistari pamoja na utaratibu mpya wa matibabu, ni 1.6 kati ya 100. Hiyo ni punguzo la asilimia 60. Kumbuka hesabu hiyo inajumuisha hali zote tatu pamoja, na kubwa zaidi ni kupoteza damu kupindukia. Usije ukaenda mtandaoni ukaandika ati vifo vimepungua kwa asilimia 60. Lakini mama asiyepoteza lita ya damu ni mama aliyewekwa mbali na kaburi, na mbali na thieta pia.

Na kuna jambo moja kwenye utafiti huo lililonifanya niweke simu chini nifikirie. Hospitali zilizokuwa upande wa kawaida nazo zilipewa plastiki ya kukusanya damu, ili watafiti waweze kupima kwenye mizani baadaye. Plastiki yao haikuwa na mistari. Kwa hivyo pande zote mbili damu ilikuwa inaingia mfukoni. Tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja nesi aliweza kusoma na akajua cha kufanya akifika kwenye mstari. Katika upande wa kawaida, ni karibu nusu tu ya waliovuja damu kupita kiasi ndio waligunduliwa, asilimia 51. Kwenye mistari waligunduliwa asilimia 93.

Soma tena hapo. Nusu ya wanawake walikuwa hatarini, wako hospitalini, wamezungukwa na wataalamu, na hakuna aliyejua. Sasa naelewa lile "nyingi" la daktari wetu.

Lakini mistari peke yake haingetosha. Saa ya ukutani haimwamshi mtu asiyetaka kwenda kazini. Kilichosaidia ni kwamba mstari ulifungwa pamoja na hatua tano ambazo nesi anazifanya zote kwa mpigo, bila kujaribu moja, kungoja, kisha kujaribu nyingine. Anakanda tumbo la uzazi ili likaze. Anampa mama dawa ya kulibana. Anampa dawa inayosaidia damu kuganda, inayoitwa asidi ya traneksamiki. Anamwekea dripu ya maji. Kisha anamchunguza kuona damu inatoka wapi, na kama bado haikomi, anaita msaada wa juu. Dawa hizi zimekuwepo miaka mingi. Zilikuwa zinachelewa kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika wakati wa kuzitoa umefika.

Hiyo asidi ya traneksamiki ina kisa chake. Iligunduliwa Japani miaka ya 1960 na daktari mwanamke, Utako Okamoto, akiwa na mumewe Shosuke. Tangu mwanzo Bi Okamoto alitaka itumiwe kuwaokoa akina mama wanaovuja damu wakijifungua, lakini hakufaulu kuwashawishi madaktari wa uzazi wa kwao waijaribu. Dawa ikaenda kutumika kwingine. Utafiti mkubwa uliothibitisha kwamba alikuwa sahihi, uliohusisha akina mama wapatao 20,000 katika nchi 21, ulitoka mwaka 2017. Ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu, inapunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu thuluthi moja. Bi Okamoto alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 98. Zaidi ya miaka 50, dawa ipo, akina mama wanazikwa.

Na hata dawa ya kubana tumbo la uzazi ina mkosi wake. Ile ya kawaida, oksitosini, inataka friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukipotea zahanati usiku kucha, au friji ikijazwa soda za wafanyakazi ikawa inafunguliwa kila dakika, dawa inapungua nguvu na kwa macho huwezi kujua. Mama anadungwa sindano ambayo ni kama maji. Ndiyo maana tangu 2018 WHO imependekeza pia dawa nyingine, kabetosini isiyoharibiwa na joto, kwa ajili ya kuzuia damu isianze kuvuja. Utafiti wake ulifanywa katika nchi kumi, Kenya ikiwemo. Hiyo nayo ni teknolojia. Mtu alikaa maabara akajiuliza: je, kule ambako umeme hupotea?

Sasa tuseme ukweli kuhusu teknolojia ambazo hapa Kenya huwa tunazipigia makofi.

Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodi mitambo ya hospitali, ule uliojulikana kama MES. Hospitali 98 zilipangiwa kupata vifaa vya thieta, vya kusafisha figo, vya wagonjwa mahututi na vya kupiga picha za ndani ya mwili, angalau hospitali mbili kwa kila kaunti. Mkataba wa miaka saba, gharama zaidi ya Sh38 bilioni. Kila kaunti ilikuwa inakatwa Sh95 milioni kwa mwaka, kisha zikapanda hadi Sh200 milioni. Utepe ukakatwa, mheshimiwa akapigwa picha ameshika mashine kana kwamba ni yeye aliyeiunda.

Sitakudanganya kwamba hakuna mema. Wagonjwa wa figo waliokuwa wakilala kwenye basi kila wiki kuja Nairobi au Eldoret wengi walipata huduma karibu na nyumbani. Hilo ni jambo kubwa na aliyewahi kuwa na mgonjwa wa figo kwao hawezi kulidharau. Lakini Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilipotoa ripoti yake mwaka 2020, ilieleza uozo mwingi, na miongoni mwa mambo hayo kulikuwa na mashine zilizokaa bila kutumika. Mahali pengine hapakuwa na umeme wa kutosha. Kwingine hapakuwa na maji. Kwingine mashine ipo, mtaalamu wa kuiendesha hayupo. Na pesa zilikuwa zinaendelea kukatwa, mashine ifanye kazi isifanye.

Mimi mwenyewe niliona kitu cha aina hiyo, ingawa sitasema ni wapi. Kabla karo haijanishinda, nilikuwa nasomea kozi ya kutengeneza mitambo ya hospitali. Nilipoenda mafunzo ya kazini, siku ya kwanza nikaonyeshwa chumba chenye mashine ya eksirei ya kisasa imefunikwa shuka la kitanda. Safi kabisa. Ilikuwa imeharibika kitu kidogo, lakini ili ufungue programu yake ulihitaji nywila ambayo anayo fundi wa kampuni peke yake, na mkataba wa kampuni kuja kuitengeneza ulikuwa umeisha. Wagonjwa wakawa wanatumwa kwa kliniki ya kibinafsi ng'ambo ya barabara, kulipa kutoka mfukoni. Kazi yangu wiki hiyo ilikuwa kupangusa vumbi. Miezi mitatu nilikaa pale, shuka halikuwahi kutolewa isipokuwa siku wageni walipokuja.

Weka picha hizo mbili pamoja. Mashine ya mamilioni, imefunikwa shuka. Shuka la plastiki, limetandikwa chini ya mama, linafanya kazi saa tisa usiku.

Msimamo wangu ni huu: tuache kupima hospitali kwa ukubwa wa mashine zake. Tupime kwa mgonjwa aliyefikiwa. Na sisi vijana, ambao ndio tunasambaza zile picha za kukata utepe, tuwe wa kwanza kuuliza maswali. Mimi nina matatu.

Swali la kwanza: nani ataiendesha usiku? Mashine nyingi zina mtaalamu mmoja ambaye anatoka saa kumi na moja jioni. Ajali za barabarani hazijui saa za ofisi, na uchungu wa uzazi ndio kabisa. Plastiki ile ilifaulu kwa sababu nesi yeyote wa zamu anaweza kusoma mstari.

Swali la pili: ikiharibika, nani ataitengeneza, na nywila anayo nani? Mkataba usiosema haya ni mkataba wa kununua shuka la kufunikia. Kwa sasa kuna mpango mpya, NESP, ambao wazo lake ni kwamba mwenye mashine analipwa kulingana na inavyotumika, badala ya kulipwa tu kwa sababu ipo. Kwenye karatasi hilo ni afadhali, kwa kuwa mashine iliyolala haimletei hela. Lakini tulishaahidiwa mazuri kwenye karatasi. Tuulize kaunti zetu: mashine ngapi zimeletwa, zimehudumia wagonjwa wangapi mwezi uliopita? Hizo ni hesabu zinazoweza kubandikwa ukutani.

Swali la tatu: imejaribiwa kwa watu kama sisi? Hili wengi hawalifikirii, kwa hivyo nikupe mfano. Unakumbuka wakati wa corona, kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma hewa ya oksijeni kwenye damu? Kinaitwa oksimita, na wazo lake lilitoka kwa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Kinapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, kisha kinahesabu oksijeni kutokana na mwanga uliofyonzwa. Ni kifaa kizuri, kimeokoa watu wengi mno, na hakuna thieta ya maana inayofanya kazi bila hicho. Lakini rangi ya ngozi nayo inafyonza mwanga. Desemba 2020, madaktari Marekani walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba kifaa hicho kilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu. Yaani kidude kinasoma uko sawa, na mwili wako unalia. Vifaa hivyo vimetumika kwa miongo, na watu weusi ndio waliokuwa wakilipa gharama ya kosa hilo bila kujua.

Linganisha na lile shuka. Lilijaribiwa kwetu, na manesi wetu, kwa akina mama wetu, katika hospitali zetu zenye msongamano wetu. Likafaulu hapo kwanza, kabla dunia haijaambiwa ilitumie. Hiyo ndiyo heshima tunayopaswa kudai kwa kila kifaa kinachoteremshwa bandarini Mombasa.

Najua kuna mtu anasoma hapa akiwaza: kwa hivyo Mwafrika apewe plastiki, tajiri apewe roboti? Hoja hiyo nimeisikia hata kwa marafiki zangu, na si ya kijinga. Kuna watu hutumia neno "nafuu" kumaanisha "inawatosha hao". Mimi simaanishi hivyo. Kijana aliyegongwa na matatu akaumia kichwa anahitaji skani ya CT, hakuna plastiki ya kumsaidia. Mgonjwa wa saratani anahitaji mashine za mionzi, na anazihitaji kabla hajamaliza shamba la familia akitafuta tiba India. Tunazihitaji mashine kubwa, zikiwa zimewashwa. Ninachokataa ni ile tabia ya kuona kitu cha bei ndogo si maendeleo, hivyo hakina wa kukipigia debe bungeni, hakina bajeti, kinakosekana leba kwa miezi huku bilioni zinatafutiwa mahali pa kumwagwa. Mama anayeishiwa damu ana dakika chache. Tajiri na maskini damu yao hutoka kwa kasi ile ile.

Basi wewe msomaji unafanya nini na haya yote? Nakuachia mambo manne, na hakuna hata moja linalotaka digrii. Mimi mwenyewe sina.

Kama wewe au mtu wenu anaenda kliniki ya wajawazito, muulize nesi kwa heshima: mama akishajifungua hapa, damu mnaipima vipi? Mna shuka la kupimia? Usiulize kwa kiburi, yule nesi si adui wako, na huenda ndiye amekuwa akiliomba siku zote. Swali likiulizwa na watu 50 kwa mwezi, hata mkubwa wa hospitali atalisikia.

Jua dalili, hasa wewe kaka ambaye hudhani haya ni mambo ya wanawake. Mama akisharudi wadini au nyumbani, pedi ikilowa kabisa ndani ya saa moja, akiwa na kizunguzungu, moyo unamwenda mbio, jasho baridi linamtoka au anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, usimwambie apumzike. Ita mtu. Piga kelele ikibidi. Aibu ya kuitwa msumbufu itaisha kesho.

Jua kundi lako la damu, na ukiweza uchangie. Hatua ya mwisho kwenye yale matibabu ni kuita msaada, na mara nyingi msaada huo ni chupa ya damu ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Kama una umri wa kati ya miaka 16 na 65, kilo 50 au zaidi, na afya nzuri, unaweza kutoa. Mimi nilienda wiki mbili baada ya ule usiku. Inachukua muda mfupi kuliko foleni ya Huduma Centre, na unapewa soda.

Na mwisho, yule mwakilishi wadi wako anayekutumia picha za mashine mpya kwenye WhatsApp, mjibu. Usiweke ile emoji ya makofi tu. Muulize: imehudumia wangapi?

Mpwa wangu sasa anatembea na amevunja vikombe vitatu nyumbani kwetu. Dadangu ana mimba tena, ya miezi sita. Alipoenda kliniki juzi nilimpa swali lile la damu aandike kwenye kijitabu chake, akanicheka kwamba najifanya daktari. Lakini aliliuliza. Nesi akainuka, akafungua kabati, akamwonyesha shuka la plastiki bado liko kwenye karatasi yake, lina mistari. Akamwambia yamebaki machache, na ameagiza mengine tangu mwezi uliopita.

Tumebakiza miezi mitatu. Mimi nahesabu, na nitaenda kuuliza kama yamefika.